Aggrey na Chuo Kidogo cha Salisbury

Mtu apitaye Kariakoo, jijini Dar es Salaam, hana budi kuukuta Mtaa wa Aggrey, uliojaa maduka na wachuuzi tangu asubuhi hata jioni. Wengi wauzao na wanunuao pale hawaulizi Aggrey alikuwa nani. Katika Kenya, Uganda na hapa kwetu jina hilo hupewa watoto wa kiume, na aghalabu mwenye jina naye hajui asili yake. Sisi tulio katika kazi ya kuwaandaa walimu twapaswa kujua zaidi ya hapo, kwa kuwa James Emman Kwegyir Aggrey alikuwa mwalimu kwanza, na mengine yote yakafuata. Tena twapenda kumtazama si jukwaani, mahali ambapo sifa zake zimesimuliwa sana, bali katika chuo kimoja kidogo alimoishi kwa miaka 22.

Alizaliwa tarehe 18 Oktoba 1875 katika mji wa Anomabu, Pwani ya Dhahabu, nchi ambayo leo huitwa Ghana. Baba yake, Kodwo Kwegyir, alikuwa msemaji wa mtawala wa Anomabu, kazi iliyohitaji ulimi mwepesi na kumbukumbu pana, na hapana shaka mtoto alirithi vyote viwili. Alisoma katika shule ya misheni ya Wamethodisti, na alipofika miaka 15 hivi alikuwa ameshapelekwa kijijini kufundisha watoto wasiopungukiwa naye sana kwa umri. Baadaye alirudi kufundisha Cape Coast, akajifunza pia kazi ya uchapaji katika mtambo wa misheni.

Nchi ile iliitwa Pwani ya Dhahabu si kwa fumbo. Mwaka 1897 serikali ya kikoloni ilileta muswada wa sheria ya ardhi ambao ungeiweka misitu, madini na ardhi iliyodaiwa kuwa tupu chini ya mamlaka yake. Watawala wa jadi na wasomi wa pwani wakaungana Cape Coast wakaunda chama cha kutetea haki za wenyeji, wakatuma wajumbe London, na muswada ukaondolewa. Mwalimu kijana Aggrey alikuwa miongoni mwa waliokitumikia chama hicho. Twalitaja jambo hili kwa makusudi. Waandishi wengi humchora Aggrey kama mtu mpole asiyejua ugomvi, ilhali somo lake la kwanza la siasa lilihusu ni nani mwenye ardhi iliyo juu ya dhahabu.

Mwaka 1898 Askofu John Bryan Small wa Kanisa la A.M.E. Zion, kanisa la Wamarekani weusi, alimchukua Aggrey akasome Amerika. Mwezi Julai aliondoka kwao, na safari yake ikaishia katika mji wa Salisbury, jimbo la North Carolina, penye chuo kiitwacho Livingstone.

Chuo hicho kilianza mwaka 1879 katika mji wa Concord, kikahamia Salisbury mwaka 1882, na miaka michache baadaye kikapewa jina la David Livingstone, yule yule aliyekutana na Stanley huko Ujiji. Mkuu wake aliyekijenga, Joseph Charles Price, alikuwa msemaji hodari aliyezunguka Uingereza kukichangia fedha. Alifariki mwaka 1893 angali kijana, na Aggrey hakumkuta. Kilikuwa chuo cha elimu ya jumla, yaani kilichofundisha lugha, historia, hisabati, sayansi na falsafa kwa pamoja, bila kumwandalia mwanachuo kazi moja tu. Wanaume na wanawake walisoma pamoja. Walimu walikuwa watu weusi, na uongozi wao wenyewe, jambo la nadra katika siku zile. Wanachuo wa ngazi ya juu walikuwa wachache; wengi zaidi walikuwa katika madarasa ya chini, wakijaza mapengo ya shule za vijijini ambazo serikali ya jimbo haikuzijali.

Hata hivyo chuo hicho cha Kilatini na Kigiriki kilikuwa pia na jengo la kazi za mikono, Ballard Hall, lililojengwa mwaka 1887, ambamo wanachuo walijifunza useremala, ushonaji wa viatu na uchapaji. Palikuwa na ibada, vyama vya midahalo, na michezo: mnamo Desemba 1892 kiwanja chake kilichezewa mechi ya kwanza ya mpira wa Kimarekani baina ya vyuo vya watu weusi, na wenyeji wakafungwa na Chuo cha Biddle. Mwaka 1908 kikapata maktaba kwa msaada wa tajiri Andrew Carnegie. Kwa mizani ya vyuo vikubwa, haya yalikuwa maendeleo madogo. Kwa chuo kilichotegemea ada za wana wa wakulima na sadaka za makanisa, kila jengo lilikuwa ushindi.

Aggrey alimaliza masomo mwaka 1902, akabakizwa kuwa mwalimu. Hapa twaombwa na kazi yetu kutua kidogo. Alifundisha lugha za kale na masomo mengine kadha wa kadha, akashika na kazi za ofisi ya chuo. Katika chuo kidogo mwalimu ni karani, mlezi na mpokea wageni. Mwaka 1903 alipata daraja la uchungaji, na baada ya muda mfupi akamwoa Rose Douglas. Tangu mwaka 1914 alichunga pia makanisa mawili madogo ya mashambani nje ya mji. Washarika wake walikuwa wakulima weusi, wengi wao wakilima mashamba ya wengine kwa kugawana mavuno, daima wakiwa na deni dukani. Jumatatu hadi Ijumaa alikuwa na Kigiriki darasani. Mwisho wa juma alikuwa na watu wa pamba, akizungumza nao juu ya udongo, akiba na shule za watoto wao. Likizo za kiangazi alikwenda New York kusoma katika Chuo Kikuu cha Columbia, na sosholojia aliyoipata huko akairudisha mashambani. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo mbinu yake ya kufundisha, kuliko ile hadithi yake maarufu ya tai aliyelelewa na kuku, ambayo walimu wengi wanaijua kuliko wanavyomjua yeye. Hakukigawa kitabu na jembe katika watu wawili tofauti. Vyote viwili alivipeleka kwa mtu mmoja.

Wala asidhani msomaji kwamba mji ule ulikuwa shwari. Mwezi Agosti 1906 kundi la wazungu liliwatoa gerezani Salisbury watu weusi 3 waliokuwa wakingoja hukumu, likawanyonga. Mwalimu mweusi wa chuo alipoingia darasani siku zilizofuata na kuwataka vijana wachanganue sentensi za Kilatini, alikuwa anafanya tendo zito kuliko linavyoonekana kwenye ratiba.

Mwaka 1917 ilitoka taarifa kubwa ya Thomas Jesse Jones, mtaalamu aliyetumwa na Mfuko wa Phelps-Stokes kwa kushirikiana na serikali ya Marekani kuzikagua shule za watu weusi. Jones alihukumu kwamba vyuo vingi vya namna ya Livingstone vilijiita vyuo bila kustahili, akasifu badala yake mafunzo ya kilimo na ufundi. Wasomi weusi, W.E.B. Du Bois akiwa mbele yao, waliishambulia taarifa hiyo, wakiona imelenga kumpunguzia mtu mweusi elimu ya juu. Kisha Jones huyo huyo, alipounda tume ya kuichunguza elimu ya Afrika, alimchagua Aggrey awe mjumbe wake pekee Mwafrika. Tunda la chuo kidogo kilichotiliwa shaka likatembezwa barani kote kuwa mfano wa kile ambacho Mwafrika aweza kuwa!

Tume ya kwanza, ya miaka ya 1920 na 1921, ilipita Afrika Magharibi, Kongo, Angola na Afrika Kusini. Ya pili ilikuja kwetu mwaka 1924: Kenya, Uganda, Tanganyika, Zanzibar, kisha kusini. Taarifa zake zilipendekeza elimu ilingane na mazingira ya mwanafunzi, yaani afya, kilimo, ufundi na maisha ya nyumbani. Matokeo yalionekana upesi. Mwaka 1925 ilifunguliwa Shule ya Jeanes huko Kabete, Kenya, ya kuwaandaa walimu wa kuzungukia shule za vijijini. Mwezi Oktoba mwaka huo Dar es Salaam ulifanyika mkutano wa elimu wa serikali na misheni chini ya Gavana Donald Cameron. Mwaka huo huo pia ikaanza shule ya Tabora, ambayo mwanzoni ilikusudiwa wana wa watemi.

Tofauti hiyo yafaa kuangaliwa. Mtoto wa mtemi alipewa kitabu cha utawala, na mtoto wa mkulima akapewa jembe lililosifiwa kwa maneno ya kitaalamu. Wapo wanaosema Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilikuwa mawazo ya Phelps-Stokes yaliyobadilishwa jina. Hatukubali. Mwalimu Nyerere alitaka kila mtoto wa taifa ashike jembe na kitabu. Tume iliwapangia wengine elimu ambayo wajumbe wake wasingewapangia watoto wao. Aggrey mwenyewe alisimama wapi? Alitia mkono taarifa hizo, na lawama hiyo haifutiki. Lakini alipopewa nafasi ya kujenga shule, hakujenga shule ya jembe peke yake.

Nafasi hiyo aliipata Achimota, karibu na Accra. Gavana Gordon Guggisberg alikusudia kuanzisha chuo kitakachompokea mtoto tangu darasa la awali hadi elimu ya juu, akamteua A.G. Fraser kuwa mkuu na Aggrey kuwa msaidizi wa makamu wake. Wananchi wengi wa pwani walikishuku, wakiogopa kuletewa elimu duni iliyopambwa. Aggrey alizunguka akiwaeleza, na kwa kuwa walimjua, walisikiliza. Alishikilia wasichana wasome pamoja na wavulana, kama alivyozoea Salisbury. Nembo ya chuo ikawa vibao vyeusi na vyeupe vya kinanda, kutokana na mfano alioupenda kuutumia juu ya weusi na weupe kuhitajiana. Achimota ilifunguliwa rasmi mwezi Januari 1927.

Twaandika haya wakati ambapo Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, imeleta mkondo wa jumla na mkondo wa amali katika sekondari. Wanachuo wetu wafanyao mazoezi ya kufundisha katika shule za Kakola na Bugarama, kando ya mgodi wa Bulyanhulu, huwakuta watoto ambao wazazi wao huchimba kwenye maduara au huosha mchanga kwenye mialo. Hatuna neno na amali. Twaitaka, yenye karakana na mwalimu aliyefunzwa. Tunalolikataa ni ile desturi ya kumtazama mtoto wa mchimbaji mdogo na kumpangia nyundo kabla hajapewa kitabu, na kumpangia kitabu mtoto wa meneja kabla hajashika nyundo. Mwalimu wa darasa ndiye anayeandika maoni yatakayomwelekeza mtoto huku au kule, na wengi wa walimu hao wamepita mikononi mwetu.

Aggrey hakuiona Achimota ikikua. Mwaka ule ule wa 1927 alikwenda New York kuikamilisha tasnifu yake, akaugua ghafla, na tarehe 30 Julai akafariki akiwa na umri wa miaka 51. Alizikwa Salisbury. Huko Uganda, Ernest Kalibala, aliyesoma Marekani, alianzisha shule akaiita kwa jina la Aggrey. Na Achimota, mwanachuo mmoja wa ualimu aliyekuwa akimhusudu, Kwame Nkrumah, alishirikiana na wenzake kuunda chama cha midahalo kilichoitwa kwa jina la marehemu. Nkrumah alimaliza ualimu mwaka 1930, akafundisha kwa miaka michache, na mwaka 1935 akavuka bahari kwenda Lincoln, Pennsylvania, chuo kingine kidogo cha watu weusi.