Elvin Kabat, aliyeisaka kingamwili kwa hesabu

Mwaka 1970, kabla mionzi ya eksirei haijaonyesha wazi jinsi kingamwili inavyomshika mgeni wake, Profesa Elvin Kabat wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, alikwisha kutaja mahali pa kushikia. Alipapata kwa kuhesabu.

Kabat alizaliwa New York Septemba 1, 1914. Mwaka 1933, katika ukata wa mdororo wa uchumi, aliingia maabara ya Michael Heidelberger akiwa kijana wa miaka 18. Baada ya shahada ya uzamivu alikwenda Uppsala, Sweden, ambako yeye na Arne Tiselius walithibitisha kuwa kingamwili zimo katika gamaglobulini ya damu.

Miaka ya 1950 ilimjia vibaya. Katika msako wa Wakomunisti, alipoteza fedha za utafiti za idara ya afya ya serikali. Ajabu ni kwamba Jeshi la Wanamaji la serikali hiyohiyo liliendelea kumfadhili. Ndipo alipopima tundu la kingamwili kwa vipande vya sukari, akakuta linatosha takriban sukari sita zilizoungana.

Tundu alilijua ukubwa, ila si mahali lilipo. Yeye na Tai Te Wu wakapanga sambamba minyororo 77 ya kingamwili iliyosomwa katika maabara mbalimbali. Katika kila nafasi waliangalia aina ngapi za amino asidi zimetokea, na ipi hujirudia zaidi. Hoja yao ilikuwa nyepesi: kingamwili hukabili wageni wasiohesabika, basi sehemu inayobadilika mno ndiyo inayoshika. Nafasi nyingi zilitulia. Maeneo matatu yalichomoza kama vilele.

Mwaka 1973 picha za eksirei zilikubaliana nao.

Kabat aliendelea kukusanya mifuatano hiyo katika kompyuta na kuichapisha vitabuni. Mwaka 1986 kundi la Greg Winter, Uingereza, lilihamisha maeneo hayo kutoka kingamwili ya panya hadi ya binadamu, hatua iliyofungua njia ya dawa nyingi. Winter alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2018. Kabat hakuipata kamwe. Alifariki dunia Juni 16, 2000, akiwa na miaka 85.

Namba alizozipanga bado hutumika kutaja nafasi katika kingamwili.