Abu Rayhan al-Biruni, Mtafuta Vitabu

Katika darsa zetu swali moja hurejea kila mwaka. Kijana aliyekwisha khitimu Kurani na kusoma sehemu ya fikihi, naye ataka kuongeza elimu itakayomfaa yeye na mji wake, ashike kitabu gani? Wako wanaomjibu kwamba vitabu vya wazee vyatosha, na kwamba vilivyoandikwa na watu wa mila nyingine ni heri visiguswe. Wako na wengine, nao ni wengi zaidi, wanaonunua cho chote kilichopigwa chapa na chenye jalada la kung'ara, wala wasiulize ni nani aliyekiandika na ameyajuaje ayasemayo. Sisi twaona makundi haya mawili yamepotea njia moja. Walakini badala ya kubishana nayo tumependa kuleta khabari za mtu aliyeishi miaka elfu iliyopita, ambaye umri wake wote ulipita katika kutafuta vitabu, kuvipima na kuvifanyia kazi.

Mtu huyo ni Abu Rayhan Muhammad bin Ahmad al-Biruni. Alizaliwa tarehe 3 Dhulhijja mwaka 362 Hijria, sawa na tarehe 4 Septemba 973, kandokando ya Kath, uliokuwa mji mkuu wa Khwarazm, kusini ya bahari ya Aral, katika nchi iitwayo leo Uzbekistan. Yasemekana nisba yake yatokana na neno la Kifursi lenye maana ya nje, kwa kuwa alikuwa mtu wa nje ya mji. Hakuwa mwana wa ukoo mkubwa. Yeye mwenyewe alikiri katika shairi lake kwamba nasaba yake hakuijua sawasawa. Twalitaja jambo hili kwa makusudi, kwa sababu pwani yetu yapenda kuuliza mtu ni mwana wa nani kabla ya kuuliza ajua nini.

Alipokuwa mdogo alikuja Myunani mmoja akakaa katika nchi yao. Mtoto Abu Rayhan akawa humpelekea nafaka, mbegu, matunda na majani, akamwuliza kila kimoja chaitwaje kwa lugha yake, kisha akaandika. Hakungoja apewe kitabu. Alianza kukikusanya mwenyewe, neno baada ya neno, kwa mtu aliyejua. Khabari hii aliieleza katika kitabu chake cha mwisho, alipokuwa mzee wa zaidi ya miaka themanini, na hapo ndipo yaonekana kwamba yale aliyoyaandika utotoni hakuyatupa.

Mwalimu wake wa hisabu na falaki alikuwa Abu Nasr Mansur bin Iraq, mtu wa nyumba ya kifalme ya Kath, aliyemlea kwa elimu bila kujali kwamba hakuwa wa jamaa zake. Abu Rayhan hajapita miaka kumi na saba alipokuwa akipima kimo cha jua kwa duara iliyotiwa alama za nusu daraja, apate kujua mji wake uko umbali gani na mstari wa Istiwai. Thamma mwaka 995 ikaja vita, watu wa Gurganj wakaiteka Kath, na nyumba ya walezi wake ikaanguka. Akakimbia. Akafika Rayy akiwa fakiri, na huko akakutana na mnajimu mmoja aliyeyakataa maneno yake ya elimu na kumdharau, wala sababu haikuwa ila ufakiri wake. Hali yake ilipotengenea baadaye, mtu yule yule akawa rafiki. Alirejea Kath, na mwaka 997 akapatana na mwanafalaki Abu al-Wafa, aliyekuwa Baghdad, kwamba kila mmoja atazame kupatwa kwa mwezi kutoka mahali pake. Kwa tofauti ya saa walizoziandika wakapata kujua umbali wa miji miwili hiyo kati ya mashariki na magharibi, bila ya yeyote kati yao kusafiri.

Kitabu chake kikubwa cha kwanza, Al-Athar al-Baqiya, alikiandika kwenye mwaka 1000 huko Gurgan, katika himaya ya Amir Qabus. Ni kitabu cha tarikhi na hisabu za miaka ya mataifa: Wafursi, Wasughdi, watu wa Khwarazm, Mayahudi, Wanasara, Waarabu kabla ya Uislamu, na Waislamu. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na saba hivi. Njia aliyoifuata ni ya kuwauliza wenye mila yao na kusoma vitabu vyao wenyewe, kisha kulinganisha kauli hii na hii, na kabla ya yote kuusafisha moyo na mapenzi ya upande mmoja, ambayo humpofusha mtu asione lililo mbele yake.

Hapa twafika kwenye kisa tukipendacho kuliko vyote. Abu Rayhan alisoma katika kitabu cha tabibu mashuhuri Abu Bakr al-Razi habari za vitabu vya Mani, yule aliyedai utume katika nchi ya Wafursi, na khasa kimoja kiitwacho Sifr al-Asrar, yaani Kitabu cha Siri. Jina lile likamshika. Kwa hisabu yake mwenyewe alikitafuta kwa miaka zaidi ya arubaini, akiuliza katika miji na kwa wasafiri. Mwishowe akaja mjumbe kutoka Hamadan akiwa na mzigo wa vitabu vya Mani, na kile alichokitamani kimo ndani. Furaha yake ilikuwa kama ya mwenye kiu aliyeona maji jangwani. Akakifungua, akakisoma, akakuta ni upuzi mtupu. Je, alikitupa? La. Alikaa akatoa mukhtasari wa mambo yaliyomo, ili mtu mwingine mwenye maradhi kama yake ausome na apone haraka. Sisi twaiona hii kuwa kazi kubwa ya elimu, nayo haina mashairi ya kuisifu. Mtu akipoteza miaka juu ya kitabu kibovu, kwa kawaida huona haya akakisifu, au hunyamaza na kumwacha mwenziwe atumbukie katika shimo lile lile.

Mwaka 1017 Sultan Mahmud wa Ghazna aliiteka Khwarazm, na Abu Rayhan akachukuliwa pamoja na wanazuoni wengine mpaka Ghazna, katika nchi iitwayo leo Afghanistan. Hakwenda kwa hiari, na miaka ya kwanza ilikuwa ya dhiki. Katika Oktoba 1018 alikuwa katika kijiji karibu na Kabul, hana ala hata moja ya kupimia. Akachukua ubao wa kufanyia hisabu, akachora tao nyuma yake, akalitia alama za daraja, akapima kimo cha jua. Vipimo vyake vya miaka hiyo vikaingia katika kitabu alichokikamilisha mwaka 1025, Tahdid Nihayat al-Amakin, ambacho shabaha yake ilikuwa kuwaonyesha watu wa Ghazna kibla chao kwa hisabu ya hakika. Yeyote aliyewahi kuona msikiti ukigombaniwa upande wa mihrabu atajua thamani ya kitabu cha namna hiyo. Nakala yake ya zamani iliyosalia ni moja tu, iko Istanbul, na kitabu hakikupigwa chapa kwa Kiarabu ila mwaka 1962.

Alitunga pia kitabu juu ya vivuli na nyakati za sala, na ndani yake kimo kisa cha mwangalizi wa msikiti mmoja aliyeonyeshwa ala ya kujulisha wakati wa sala kwa kivuli. Yule bwana akaikataa kwa sababu imeandikwa miezi ya Warumi, akidai kuitumia ni kuwaiga makafiri. Abu Rayhan akamjibu kwamba Warumi hula chakula na hutembea sokoni pia, basi aache na mambo hayo mawili asije akawaiga. Hatujui kama yule mwangalizi aliacha kula.

Katika Ghazna ndipo alipoingia kazi iliyomfanya ajulikane ulimwenguni. Siku moja alizungumza na Abu Sahl al-Tiflisi juu ya vitabu vinavyoeleza dini za watu wengine, wakaona kwamba vilivyoandikwa juu ya Wahindi vilikuwa vimenakiliwa kimoja kutoka kwa kingine, hapana aliyekwenda kuhakikisha. Abu Sahl akamhimiza aandike ajuayo. Alikuwa amekwisha pita umri wa miaka arubaini alipoanza kujifunza Kisanskriti, lugha ambayo yeye mwenyewe aliieleza kuwa pana na ngumu, na yenye sauti ambazo ulimi wa Mwarabu na wa Mfursi hauzitamki kwa wepesi. Hakuona uchoyo kutumia mali wala taabu kukusanya vitabu vya Kihindi kila mahali alipodhani vyapatikana, na kuwaita kutoka mbali wale waliojua kuvieleza. Alikaa mbele ya wanafalaki wao kama mwanafunzi. Halafu, alipowazidi kwa hoja na hisabu, wakawa wamwuliza ni mwalimu gani wa Kihindi aliyemfundisha hayo.

Ilikuwa vigumu, na sababu moja hakuificha ingawa alikuwa akiishi chini ya mkono wa nyumba ile ile ya kisultani. Vita vya Mahmud viliiharibu neema ya nchi, vikawatawanya watu, vikatia nyoyoni mwao chuki juu ya Waislamu, na elimu zao zikahamia mbali, kama Kashmir na Benares, ambako mkono wa jeshi haukufika. Aliyetaka vitabu alilazimika kuvifuata nyuma ya moshi wa vita. Sababu nyingine ilikuwa waandishi wa kunakili. Aliwalaumu wanakili wa Kihindi kwa uvivu wa kutosahihisha, hata kitabu kikinakiliwa mara moja au mbili hakitambulikani tena na asili yake.

Kitabu chake cha India kilikamilika kwenye mwaka 1030. Ndani yake hakuwatukana Wahindi wala hakuwasifu kwa kutaka kupendeza. Aliyataja maneno yao kama wayasemavyo, na pembeni akaweka ya Wayunani ili msomaji alinganishe. Aliwafasiria Waarabu vitabu viwili vya hikima ya Kihindi, naye akashughulika kuwafasiria Wahindi kwa lugha yao kitabu cha Euclid cha hisabu ya maumbo na kile cha Ptolemy cha nyota. Elimu kwake ilikuwa biashara ya kwenda na kurudi. Na kwa kuwa sisi ni watu wa bahari, twaongeza kwamba alipoeleza sababu ya umashuhuri wa Somnath, mji wa Gujarati ambao Mahmud alilivunja hekalu lake katika vita vya mwaka 416 Hijria, alisema ulikuwa bandari ya vyombo, na kituo cha waliokuwa wakienda na kurudi baina ya Sufala ya nchi ya Zanji na Uchina. Pwani yetu imo katika kitabu kile tangu zamani, na ni wangapi kati yetu walioambiwa hayo chuoni? Mjerumani Eduard Sachau ndiye aliyekipiga chapa kwa Kiarabu huko London mwaka 1887, na tafsiri ya Kiingereza mwaka uliofuata. Kitabu chake kikubwa cha falaki, Al-Qanun al-Mas'udi, alichomtungia Sultan Mas'ud, kilipigwa chapa na Waislamu wenyewe huko Hyderabad baina ya 1954 na 1956. Yasimuliwa kwamba Sultan alimpelekea kwa ajili yake mzigo wa tembo wa fedha, naye akaurudisha.

Mwaka 427 Hijria mtu mmoja alimwomba khabari za vitabu vya al-Razi. Abu Rayhan akamwandikia orodha ya vitabu 184, akavipanga kwa fani zake, kisha akafuatisha orodha ya vyake mwenyewe, zaidi ya mia. Humo ndimo alimoeleza kisa cha Kitabu cha Siri. Alimsifu al-Razi kwa utabibu wake na akamlaumu kwa aliyoyasema juu ya dini, yote katika waraka mmoja. Kosa la mtu halikumzuia kuchukua dawa yake.

Kazi yake ya mwisho ilikuwa Kitab al-Saydana, juu ya vitu vya dawa, akisaidiwa na tabibu mmoja kwa kuwa macho na masikio yake yalikuwa yamedhoofu. Kila kitu amekitaja kwa majina yake ya Kiarabu, Kiyunani, Kisiria, Kifursi na Kihindi, ili muuza dawa na mnunuzi wasidanganyane kwa jina. Katika dibaji yake alilalamikia khatari ya mwandiko wa Kiarabu: herufi zafanana, na nukta ikisahauliwa ba huwa ta au tha, na jina la Kiyunani asilolijua mnakili huharibika hata likawa jina la kitu kingine. Katika shairi kosa hilo ni aibu; katika dawa ni mauti. Nasi wa pwani tulioandikiana Kiswahili kwa herufi zizo hizo twayafahamu mashaka haya. Kwa hiyo alishauri nakala isahihishwe na asili yake kabla ya kuaminiwa. Kitabu hiki kilibaki rasimu, hakuwahi kukisafisha.

Yaqut, aliyeandika tarikhi za wanazuoni, asema kwamba mkono wa Abu Rayhan haukuachana na kalamu, wala jicho lake na kusoma, ila siku mbili za sikukuu katika mwaka, alipokuwa akitengeneza mahitaji ya nyumba yake. Wengi huandika kwamba alifariki Ghazna mwaka 440 Hijria, sawa na 1048, na wengine humwongezea miaka michache.

Juu ya kufa kwake Yaqut amepokea khabari ya fakihi Abu al-Hasan al-Walwaliji, aliyekwenda kumtazama naye roho yaanza kumpanda. Abu Rayhan akamwuliza juu ya mas-ala ya mirathi ya mabibi wa upande wa mama, ambayo waliwahi kuyazungumza. Fakihi akamwonea huruma, akasema je, katika hali hii? Mgonjwa akamjibu kwamba kuiaga dunia hali ya kuwa aijua mas-ala hiyo ni heri kuliko kuiaga hali ya kuwa haijui. Basi fakihi akairudia, na Abu Rayhan akaihifadhi, kisha naye akamweleza fakihi yale aliyokuwa amemwahidi. Akatoka, na alipokuwa bado njiani akasikia vilio vya nyumbani.