Mobutu: chui aliyefichuliwa na vita ya Mutshatsha

Mwezi wa Machi 1977, Mutshatsha, mji mdogo wa reli kati ya Kolwezi na Dilolo, uliangukia mikononi mwa waasi wa FNLC waliotokea Angola. Kuanguka kwake kulionyesha kwamba nguvu za rais Mobutu Sese Seko hazikuwa jinsi zilivyoonekana.

Mobutu alizaliwa Lisala tarehe 14 Oktoba 1930. Baba yake alikuwa mpishi. Aliingia Force Publique mwaka wa 1950, akatoka na cheo cha sajini, kisha akafanya kazi ya uandishi wa habari. Tarehe 24 Novemba 1965, akiwa mkuu wa jeshi, alitwaa madaraka.

Tangu hapo alijitengenezea sura: kofia ya ngozi ya chui, fimbo mkononi, miwani mikubwa na abakosi. Kila jioni, kabla ya habari za televisheni, uso wake ulionekana ukishuka kutoka mawinguni. Watu wengi waliamini kwamba jeshi la mtu kama huyo halishindiki.

Huko Shaba mambo yalikuwa mengine. Waasi walivuka mpaka tarehe 8 Machi, wakateka Dilolo, Kapanga na Kisenge bila upinzani mkubwa. Askari wengi wa serikali walikimbia. Mishahara yao ilikuwa inaishia mifukoni mwa wakubwa, na gwaride za Kinshasa hazikuwajazia tumbo. Ili Mutshatsha irudi mikononi mwa serikali mwishoni mwa Aprili, ilibidi wanajeshi 1.500 wa Moroko waletwe na ndege za Ufaransa.

Mwaka uliofuata waasi walirudi, wakaingia Kolwezi penyewe, tarehe 13 Mei 1978. Safari hii tena waliowaondoa walikuwa wageni: wanajeshi wa miavuli wa Ufaransa, pamoja na Wabelgiji. Hata hivyo, mwaka wa 1982 Mobutu alivaa cheo cha Mareshali.

Tarehe 24 Aprili 1990, huko N'Sele, alitangaza mwisho wa chama kimoja, huku akitoa machozi mbele ya taifa. Wengi walidhani amebadilika. Haikupita hata mwezi mmoja, usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei, wanafunzi wa chuo kikuu cha Lubumbashi walishambuliwa na kuuawa ndani ya kampasi yao. Hesabu ya waliokufa inabishaniwa hadi leo.

Mwaka wa 1996 vita vilianzia Kivu, na jeshi lilikimbia kama lilivyokimbia Shaba. Mara hii hakuna mgeni aliyekuja kuliokoa kwa nguvu za kutosha. Mobutu, akiwa mgonjwa wa kansa, aliondoka Kinshasa tarehe 16 Mei 1997. Alifariki Rabat tarehe 7 Septemba mwaka ule ule, katika nchi ile ile iliyomrudishia Mutshatsha miaka 20 kabla. Kaburi lake liko huko hadi sasa.