Annalena Tonelli: Kutoka Shahada ya Sheria hadi Manyata ya Wajir

Utangulizi

Kila mwaka vyuo vikuu vyetu huwatoa maelfu ya wahitimu, na kila mhitimu hukabiliwa na swali lile lile: nielekee wapi? Kwa wengi wetu tunaosomea Kiswahili pamoja na elimu, jibu huwa mikononi mwa Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC), na si wachache wanaoomba wasilione jina la Garissa, Wajir au Mandera katika barua ya ajira. Hofu hiyo ina msingi. Mnamo Novemba 2014 abiria 28 wa basi moja, miongoni mwao walimu wengi, waliuawa karibu na mji wa Mandera. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148, wengi wao wanafunzi, waliuawa katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, kaunti ya Garissa, na baada ya hapo TSC ikawahamisha walimu wengi wasio wenyeji. Waliobaki ni watoto na madawati yao.

Makala haya yanasimulia maisha ya mhitimu mmoja wa chuo kikuu aliyelijibu swali hilo kwa namna isiyo ya kawaida, katika eneo hilo hilo tunaloliogopa. Jina lake ni Annalena Tonelli. Lengo si kumpamba kwa sifa, kwani amekwisha kusifiwa na wengi, bali ni kuchunguza jinsi alivyoichagua kazi yake na jinsi kazi hiyo ilivyobadilika kila alipopiga hatua.

Kuzaliwa na Masomo

Annalena Tonelli alizaliwa tarehe 2 Aprili 1943 katika mji wa Forlì, kaskazini mwa Italia, wakati Vita vya Pili vya Dunia vikiendelea. Alisoma hadi chuo kikuu na kuhitimu katika taaluma ya sheria. Katika Italia ya miaka ya 1960, nchi iliyokuwa ikiinuka kiuchumi baada ya vita, shahada ya sheria ilikuwa ufunguo wa maisha mazuri: uwakili, mahakama, utumishi wa serikali. Kwa hivyo hatuwezi kusema kwamba alikwenda Afrika kwa kukosa ajira kwao.

Ni vyema ikumbukwe kuwa uamuzi wake haukuzaliwa siku ya mahafali. Kwa takribani miaka sita kabla ya kuondoka, sehemu kubwa ya muda wake nje ya masomo aliitumia katika mitaa ya maskini ya mji wake, akiwahudumia watoto yatima na wasichana wenye ulemavu wa akili. Aidha, alijiunga na wenzake wa Forlì katika harakati za kupambana na njaa duniani. Shahada ilipokamilika, alikuwa amekwisha kujua anataka kuishi na watu gani. Alichokuwa hajakijua ni kazi gani hasa ataifanya miongoni mwao.

Kuingia Kenya

Tonelli aliondoka Italia Januari 1969, akiwa na umri wa miaka 25. Hakuwa mtawa, wala hakutumwa na shirika lolote kubwa. Alikuwa Mkristo Mkatoliki aliyeamua kuishi bila ndoa na bila mshahara wa kujilimbikizia, akitegemea msaada wa jamaa na marafiki wa Forlì. Nchini Kenya alipata kazi ya ualimu, akaanza kufundisha Kiingereza kwa muda mfupi katika shule ya sekondari ya Chinga, eneo la Nyeri. Baada ya hapo alikwenda Wajir.

Kwa msomaji wa leo inafaa kueleza Wajir ya wakati huo ilikuwaje. Eneo lote la kaskazini mashariki lilikuwa likiuguza majeraha ya vita vya Shifta, vilivyoanza 1963, baada ya Wasomali wengi wa eneo hilo kudai kuungana na Somalia, na kupoa baada ya makubaliano ya Arusha ya Oktoba 1967. Makao makuu ya mkoa yalikuwa Garissa, ukingoni mwa mto Tana. Kutoka hapo hadi Wajir ni zaidi ya kilomita 300 za nchi kavu, na barabara haikuwa na lami. Sheria za hali ya hatari, zilizowapa maafisa wa serikali mamlaka makubwa juu ya wananchi, zilidumu mkoani hadi mwaka 1991. Kwa mtumishi wa umma kutoka sehemu nyingine za Kenya, kupelekwa huko kulihesabiwa kuwa adhabu.

Mwalimu huyu kijana alikuwa mgeni kwa kila hali: Mzungu miongoni mwa Wasomali, Mkristo miongoni mwa Waislamu, na mwanamke asiye na mume katika jamii inayothamini sana ndoa. Alijifunza Kisomali na kukizungumza. Jambo hili halipaswi kupuuzwa na wanafunzi wa lugha, kwani bila lugha hiyo yote yaliyofuata yasingewezekana.

Kutoka Darasani hadi kwa Wagonjwa

Akiwa mwalimu, Tonelli alianza kuwaona watu ambao hawakufika darasani. Hao walikuwa wagonjwa wa kifua kikuu. Ugonjwa huu ulikuwa umeenea miongoni mwa wafugaji, na zaidi ya kuua mwili uliharibu heshima ya mtu, maana mgonjwa alitengwa na wakati mwingine familia ilikana kwamba kuna kikohozi nyumbani. Pamoja na wenzake waliomfuata kutoka Italia, alianzisha pia kituo cha kuwahudumia watu wenye ulemavu mjini Wajir.

Tatizo la kifua kikuu kwa mfugaji anayehamahama ni rahisi kulieleza lakini gumu kulitatua. Matibabu ya zamani yalichukua mwaka mmoja hadi mwaka mmoja na nusu. Mgonjwa akishatumia dawa kwa wiki chache, homa hushuka, kikohozi hupungua, na hamu ya chakula hurejea. Wakati huo huo mvua hunyesha mahali fulani na ngamia huhamishwa. Mgonjwa akiondoka na mifugo, viini vilivyobaki mapafuni huanza upya, na mara nyingine huwa sugu dhidi ya dawa. Kutokana na hali hiyo, wataalamu wengi walikata tamaa kuhusu kuwatibu wafugaji.

Mwaka 1976 Tonelli alikabidhiwa usimamizi wa mradi wa majaribio wa kuwatibu wafugaji wa Wajir, mradi uliohusishwa na Shirika la Afya Duniani (WHO). Utafiti uliofanywa Afrika Mashariki katika miaka hiyo ulikuwa umeonyesha kwamba, kwa mchanganyiko wa dawa mpya, matibabu yangeweza kufupishwa hadi miezi sita. Ubunifu wa Wajir ulikuwa katika mahali pa kuishi. Badala ya kumlaza mfugaji katika wodi asiyoizoea, wagonjwa walijenga vibanda vya kwao na kuishi humo katika manyata karibu na kituo. Kila siku mgonjwa alimeza dawa mbele ya mhudumu, hadi miezi sita ikamilike. Hospitali ilichukua umbo la boma la mfugaji, na mfugaji akakubali kukaa.

Njia hii ya kumsimamia mgonjwa anapomeza dawa ndiyo iliyokuja kuwa nguzo ya mkakati ambao WHO iliueneza duniani katika miaka ya 1990 kwa jina la DOTS. Mradi wa Wajir haukuwa chanzo pekee cha mkakati huo, lakini ulithibitisha kwamba njia hiyo inawezekana hata kwa watu waliodhaniwa kuwa hawatibiki.

Tonelli hakuwa daktari wala hakujidai kuwa daktari. Hata hivyo, hakuridhika na nia njema peke yake. Alirudi kusoma mara kadhaa: alipata vyeti vya udhibiti wa kifua kikuu nchini Kenya, tiba ya magonjwa ya kitropiki na afya ya jamii nchini Uingereza, na matibabu ya ukoma nchini Hispania. Mhitimu wa sheria aliyekuwa mwalimu wa Kiingereza akawa mtaalamu wa kifua kikuu, kwa sababu watu aliochagua kuishi nao walihitaji hivyo.

Wagalla

Tarehe 10 Februari 1984 vikosi vya usalama viliwakusanya wanaume wa ukoo wa Wadegodia katika Wajir na viunga vyake, vikawapeleka kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla. Walizuiliwa huko kwa siku kadhaa juani bila chakula wala maji, na wengi wakauawa. Haikuwa mara ya kwanza kwa mkoa huo kuonja msiba wa aina hiyo: Novemba 1980 mtaa wa Bulla Kartasi mjini Garissa ulichomwa na wakazi wake kuuawa. Kuhusu Wagalla, serikali ya wakati huo ilitaja vifo 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya mwaka 2013, ilikadiria kuwa waliouawa walikaribia 1,000.

Tonelli aliingia porini kwa gari kuwatafuta manusura na kuwazika waliokufa. Pamoja na wenyeji alikusanya majina ya waliouawa, na habari hizo pamoja na picha zikafikishwa kwa wanadiplomasia Nairobi, hivyo dunia ikajua. Hapa ndipo shahada ya sheria, iliyoonekana kutupwa tangu 1969, iliporejea kwa mlango wa nyuma. Kukusanya ushahidi, kuandika majina na kukataa kauli rasmi inayopingana na miili iliyolala mchangani ni kazi ya mwanasheria, ingawa aliifanya pasipo joho wala mahakama.

Alilipia jambo hilo. Mwaka 1985 alifukuzwa nchini Kenya.

Somalia na Mauti

Baada ya kufukuzwa, Tonelli alihamia Somalia na kuendelea na kazi ile ile kwa lugha ile ile aliyojifunza Wajir. Alihudumu Mogadishu na Merca katika miaka ambayo dola ya Somalia iliporomoka na njaa ikaenea. Alitekwa nyara, akapigwa, akaporwa. Mwaka 1995 daktari Mwitaliano aliyechukua nafasi yake huko Merca, Graziella Fumagalli, aliuawa kwa risasi. Mwaka 1996 Tonelli alianza upya huko Borama, katika Somaliland, ambako alijenga hospitali ya kifua kikuu, akaanzisha shule ya watoto viziwi, na kuungana na wanawake waliopinga ukeketaji. Wapo waliompenda na wapo waliompiga mawe wakidai kwamba analeta UKIMWI mjini.

Juni 2003 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuwahudumia Wakimbizi lilimpa Tuzo ya Nansen. Miezi michache baadaye, tarehe 5 Oktoba 2003, alipigwa risasi ndani ya hospitali yake Borama, akafa akiwa na umri wa miaka 60.

Tathmini

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii mara nyingi huelezwa kwa karamu: mgeni akija, kuku huchinjwa na mwenyeji naye hula. Katika maisha ya Tonelli inapata maana iliyo karibu zaidi na maneno yake, kwa kuwa maelfu ya wenyeji walipona kweli. Lakini mgeni huyu naye alifunzwa na wenyeji. Wao ndio waliojenga vibanda, waliomfundisha lugha, na waliobeba majina ya ndugu zao hadi kwake baada ya Wagalla.

Ni haki kuuliza kama maisha ya aina hii yanaweza kuwa kielelezo kwa mhitimu wa Kenya. Tonelli hakuwa na mdogo wake aliyesubiri karo, wala mkopo wa elimu wa kulipa. Alikuwa na marafiki wa kumtumia fedha, na pasipoti ya nchi ambayo ingemuulizia akipotea. Mwalimu wa miaka 25 anayetumwa Garissa na mzazi anayemtegemea hana kinga hiyo. Kumwambia aende kwa sababu Tonelli alikwenda ni kumwonea. Usalama wa mwalimu ni wajibu wa serikali, na hautakiwi kuachiwa ushujaa wa mtu binafsi.

Hata hivyo, kuna sehemu ya maisha haya isiyohitaji fedha wala kifo. Wengi wetu huchagua kazi kwanza, kisha tukatafuta watu wa kuwafanyia kazi hiyo. Tonelli aliwachagua watu kwanza, kisha akawauliza wanahitaji nini, na jibu lilipozidi ujuzi wake akarudi kusoma.

Tuchukue mfano wetu wenyewe. Mtoto anayeingia darasa la kwanza Garissa au Wajir kwa kawaida huja na Kisomali kutoka nyumbani. Kiswahili, ambacho Katiba ya 2010 inakitambua kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, kwake ni lugha ya pili au ya tatu. Nasi tunahitimu tukiwa tumebobea katika ngeli, arudhi na nadharia za uhakiki, mara nyingi tukichukulia kwamba mwanafunzi atakuja darasani akiwa tayari anakisema Kiswahili. Atakayekwenda huko atahitaji mbinu za kufundisha lugha ya pili na Kisomali cha kutosha kujua mwanafunzi anakosea wapi na kwa nini. Naye mwanafunzi mzaliwa wa Garissa anayesomea Kiswahili leo anayo tayari lugha ambayo Tonelli alilazimika kuitafuta, na huenda yeye ndiye mwalimu ambaye madawati yale yanamngoja.

Hitimisho

Annalena Tonelli alihitimu sheria, akafundisha Kiingereza, akatibu kifua kikuu, akashuhudia mauaji na kuyatangaza. Hakuna barua ya ajira ambayo ingeyaeleza yote hayo mwaka 1969. Chama chetu kingefanya vyema kuanzisha mjadala kuhusu ufundishaji wa Kiswahili katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, na kuwaalika wanachama wanaotoka huko wawe wa kwanza kuzungumza. Sisi wengine tuanze kwa kusikiliza, kama alivyoanza yeye.