Kijana Aliyejichora Kiooni

Albrecht Dürer alizaliwa Nuremberg, Ujerumani, mwaka 1471. Baba yake, sonara, alimfunza kazi hiyo akitumaini kumrithisha. Lakini mwaka 1484, akiwa na miaka 13, Dürer alijitazama kiooni akajichora kwa kalamu yenye ncha ya fedha, ambayo alama yake ni vigumu kufutika. Alipomweleza baba yake kwamba anapenda uchoraji, mzee alisikitikia muda uliopotea, ila hakumzuia. Mwaka 1486 akampeleka kwa mchoraji Michael Wolgemut. Dürer alifariki mwaka 1528, jina lake likiwa limeenea Ulaya. Mchoro ule wa utotoni aliuhifadhi, akauandika mwaka wake. Sasa uko Vienna. Ninyi vijana mnaokusanya michoro ya kuombea nafasi vyuoni, mkikosa mtu wa kumchora, kioo kipo. Na msitupe kazi zenu za mwanzo.