Mackay, Fundi wa Herufi za Mbao

Mwezi Aprili nilikuwa nyumbani Kangeta, na asubuhi moja niliwakuta wavulana watatu wamekwama mtelemkoni na kigari chao cha miti. Magurudumu waliyachonga kwa panga kutoka gogo la muringa, matundu wakayatoboa kwa chuma cha moto, na usukani wakaufunga kwa kamba ya katani. Mvua ya usiku ilikuwa imeuvimbisha mhimili, gurudumu moja likakataa kuzunguka. Mkubwa wao aliling'oa, akaukwaruza mhimili kwa kisu, akaupaka mafuta ya kupikia, kisha akalirudisha gurudumu na kulizungusha polepole karibu na sikio lake, akisikiliza. Nilisimama nikimtazama, na aliyenijia akilini ni Alexander Mackay.

Aghalabu wanafunzi wetu hukutana na Mackay katika aya moja tu ya historia ya wamisionari, pale anapotajwa kwa ajili ya dini na kusahauliwa baada ya mtihani. Mimi, ambaye kazi yangu ni lugha, nimemjia kwa mlango mwingine, mlango wa karakana.

Alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1849 katika kijiji cha Rhynie, Uskoti, mwana wa mchungaji. Alisomea kwanza ualimu mjini Edinburgh, kisha uhandisi, na mwaka 1873 akaenda Ujerumani, ambako alifanya kazi ya kuchora mitambo. Mwaka 1875 gazeti moja la London lilichapa barua ya msafiri Stanley, iliyodai kuwa Kabaka Mutesa wa Buganda anataka walimu. Mackay alijitolea kwa chama cha wamisionari cha CMS, na mwishoni mwa Mei 1876 akawasili Unguja akiwa na umri wa miaka 26.

Kufika Buganda kulimchukua zaidi ya miaka miwili. Maradhi yalimrudisha pwani, na mwaka 1877 akasimamia kukatwa kwa njia ya magari ya ng'ombe kutoka Saadani hadi Mpwapwa. Mwaka uliofuata alifika Kagei, kusini mwa Ziwa Viktoria, akakuta zana za chama zimetapakaa na kuota kutu. Alizisafisha moja baada ya moja. Mashua yao ya mbao, iliyoitwa Daisy, ilipovunjwa na mawimbi, yeye na mwenzake Wilson waliondoa kiasi cha futi nane katikati yake, wakaziunganisha ncha mbili zilizosalia, na kwa mashua hiyo iliyofupishwa wakavuka hadi Buganda mwezi Novemba 1878.

Huko Natete alijenga karakana yenye tanuri, kerezo na jiwe la kunolea. Watu walikuja kulitazama jiwe likizunguka, maana gurudumu halikuwa chombo cha kawaida katika nchi ile. Aliunda gari la kukokotwa na ng'ombe, akachimba kisima na kukitia pampu. Maji yalipopanda juu wapo waliosema kwamba Mackay ni lubaale, yaani mmoja wa mizimu wakuu wa Buganda. Naye Namasole, mama yake Kabaka, alipofariki mwaka 1882, Mackay ndiye aliyeagizwa kuunda majeneza matatu, moja ndani ya jingine: la mbao, la shaba, kisha la mbao tena, hili la nje kubwa mno hata likakaribia kuwa nyumba.

Lakini kazi ya mbao inayonishangaza zaidi ni ndogo kuliko zote hizo. Ili apate kurasa za kusomesha, Mackay alichonga herufi za chapa kwa mkono wake mwenyewe. Mwalimu mwenzangu, jaribu kuifikiria kazi hiyo. Kila herufi huchongwa kinyume, kama inavyoonekana kiooni, ili ikigandamizwa karatasini isomeke sawasawa. Herufi zote ziwe na kimo kimoja, la sivyo iliyo fupi haigusi karatasi na iliyo ndefu huitoboa. Tena mchongaji sharti aijue lugha. Kiganda, kama Kiswahili, humaliza maneno yake kwa irabu. Mwenye kuchonga a moja kwa kila k moja ataishiwa kabla ya mstari wa pili. Kisha kuna l na r, ambazo katika Kiganda hupokezana kufuatana na irabu iliyotangulia. Ni ipi ichongwe, na kwa wingi gani? Wanafunzi wangu wa fonolojia hulijadili jambo hilo muhula mzima bila ya kushika patasi.

Wala hakuanza na Kiganda. Lugha aliyoitanguliza ni Kiswahili, na Injili aliyomsomea Mutesa ilikuwa ya Kiswahili, tafsiri ya Askofu Steere wa Unguja. Kiganda chenyewe kimechukua kutoka Kiswahili maneno kama kitabo na kalaamu, na kusoma huko kukawa na maana mbili: kutazama maandishi na kuwa muumini. Waongofu waliitwa wasomaji.

Nitoke kando kidogo. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, useremala uliingizwa darasani. Katika shule moja niijuayo nilishuhudia baadaye benchi za seremala zikigeuzwa meza za kulia chakula, kwa kuwa somo lile lilionekana halimfikishi mtu popote. Sijaacha kuikumbuka randa iliyokuwa imewekewa chumvi.

Kusoma kulikuwa na gharama. Mutesa alifariki Oktoba 1884, na mwanawe Mwanga aliwashuku wageni. Mwishoni mwa Januari 1885 Mackay na mwenzake Ashe walikamatwa njiani kuelekea ziwani pamoja na vijana wao. Watatu kati ya wasomaji hao, Kakumba, Lugalama na Serwanga, walichomwa moto Busega tarehe 31. Lugalama alikuwa mtoto aliyelelewa nyumbani mwa wamisionari. Mwaka 1886 wengi zaidi waliuawa. Mackay hakuacha kupiga chapa, na hapo mimi husita. Sikubaliani naye katika mengi, hasa dharau yake kwa dini za wenyeji na kwa Uislamu, wala sina hakika kama ni haki ya mwalimu kumpa mtoto ukurasa anaojua unaweza kumwua. Najua tu kwamba watoto waliendelea kuja kuuomba.

Julai 1887 Mwanga alimfukuza. Alihamia Usambiro, kusini mwa ziwa, akaanza tena na tanuri, msumeno na chapa. Stanley alipita hapo mwaka 1889 akamkuta kazini, akiunda chombo cha kwenda ziwani kwa nguvu za mvuke. Chombo hicho hakukimaliza. Malaria ilimwua tarehe 8 Februari 1890 akiwa na umri wa miaka 40, bila ya kurudi Ulaya hata mara moja. Mwaka 1927 mabaki yake yalihamishiwa Namirembe, Kampala.

Wale wavulana wa Kangeta hawakunisubiri niwasimulie haya. Gurudumu lilipokubali kuzunguka, waliparamia kigari chao wakateremka nacho kuelekea sokoni.