Lewis Fry Richardson: Mtaalamu Aliyeipigia Hesabu Hali ya Hewa

Katika masomo yaliyopita mmejifunza kupima joto, kanieneo ya hewa, mvua na mwelekeo wa upepo. Vipimo hivyo hutueleza hali ya hewa ilivyo sasa. Lakini mvuvi anayetaka kwenda baharini na mkulima anayetaka kupanda hawaulizi hali ya hewa ya sasa tu. Huuliza pia itakuwaje kesho. Katika somo hili tutasoma maisha ya mtu aliyeamini kwamba hali ya hewa ya kesho inaweza kupatikana kwa hesabu. Mtu huyo ni Lewis Fry Richardson.

Utoto na masomo

Richardson alizaliwa tarehe 11 Oktoba 1881 katika mji wa Newcastle upon Tyne, kaskazini mwa Uingereza. Alikuwa mtoto wa mwisho kati ya watoto saba. Baba yake alikuwa na kiwanda cha kutengeneza ngozi. Wazazi wake walikuwa Wakristo wa madhehebu ya Quaker, yaani Marafiki, ambayo leo yana wafuasi wengi magharibi mwa Kenya. Watu wa madhehebu hayo hufundishwa kwamba si halali kumwua binadamu mwenzao, hata vitani. Richardson alilishika fundisho hilo maisha yake yote.

Alisoma katika mji wa York, kisha akarudi Newcastle kusomea hisabati, fizikia, kemia na elimu ya mimea na wanyama. Hatimaye alikwenda Cambridge, akamaliza masomo yake huko mwaka 1903.

Tatizo kubwa na vipande vidogo

Mwaka 1906 Richardson aliajiriwa na kampuni iliyochimba udongo mweusi wa vinamasini. Udongo huo umefanyika kwa mimea iliyooza, na watu wa Ulaya huukausha na kuuchoma kama kuni. Kabla ya kuchimbwa ni lazima upunguzwe maji. Richardson alitakiwa kueleza jinsi mifereji itakavyochimbwa ili maji yatoke kwa kiasi kinachofaa.

Kanuni za mwendo wa maji katika udongo zilijulikana. Hata hivyo, kuzitumia kanuni hizo kwa ardhi yenye umbo la kawaida, isiyo duara wala mraba kamili, kulikuwa kugumu sana, hata kwa wataalamu wa hisabati. Basi Richardson alitafuta njia nyingine. Aliligawa tatizo kubwa katika vipande vidogo vingi. Kila kipande alikipa namba yake. Kisha alitafuta jinsi namba ya kila kipande inavyobadilishwa na namba za vipande vya jirani. Kwa njia hiyo hesabu ngumu iligeuka kuwa hesabu nyingi rahisi za kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya.

Njia hiyo huitwa kuiga kwa namba. Tunauiga mwendo wa kitu cha kweli, kama vile maji, joto au upepo, kwa kuandika namba na kuzibadilisha hatua kwa hatua kwa kufuata kanuni za sayansi.

Jaribio la hesabu

Jaribio hili halihitaji moto wala chombo chochote, ila penseli na daftari. Fikiri kwamba tuna fimbo ya chuma iliyofunikwa ubavuni ili joto lisipotee. Ncha moja imo katika maji ya moto ya digrii 80 za Sentigredi. Ncha ya pili imo katika barafu, nayo ni digrii 0. Ncha hizo hazibadiliki. Tumeweka alama tano zilizo sawa kwa umbali, nazo ni A, B, C, D na E. Mwanzoni fimbo yote ni baridi, isipokuwa ncha ya A.

Kanuni yetu ni hii: joto jipya la alama ni nusu ya jumla ya joto la alama mbili zilizo jirani nayo. Katika kila hatua tunatumia namba za mstari uliotangulia.

Hatua | A | B | C | D | E
Mwanzo | 80 | 0 | 0 | 0 | 0
1 | 80 | 40 | 0 | 0 | 0
2 | 80 | 40 | 20 | 0 | 0
3 | 80 | 50 | 20 | 10 | 0
4 | 80 | 50 | 30 | 10 | 0
5 | 80 | 55 | 30 | 15 | 0
6 | 80 | 55 | 35 | 15 | 0

Tazama jinsi joto linavyotembea kutoka A kuelekea E. Kila hatua ni mfano wa kipande kidogo cha muda kilichopita. Ukiendelea kwa hatua nyingi, namba za B, C na D zitakaribia 60, 40 na 20, kisha hazitabadilika tena. Hivyo ndivyo joto linavyotulia katika fimbo ya kweli. Umejua joto la ndani ya chuma bila kukigusa.

Ukuta wa bwawa la Aswan

Mto Naili hutoka katika Ziwa Viktoria, karibu na mji wa Jinja nchini Uganda, ukaenda kaskazini hadi Misri. Mwaka 1902 ulimalizika ujenzi wa bwawa la mawe huko Aswan, nchini Misri, ili kuyazuia maji ya mto huo. Maji yaliyozuiwa husukuma ukuta kwa nguvu kubwa. Ikiwa mhandisi hajui nguvu hizo zinavyoenea ndani ya mawe, ukuta unaweza kupasuka na maji yakawaangamiza watu wanaoishi chini yake.

Richardson alitumia njia yake kukokotoa nguvu zilizomo ndani ya ukuta wa namna hiyo. Katika maandishi yake ya mwaka 1910 alichukua bwawa la Aswan kuwa mfano. Kwa kuwa hesabu zilikuwa nyingi mno, aliwalipa vijana wamsaidie. Kijana mmoja hodari aliweza kufanya hesabu zipatazo 2,000 kwa wiki. Hesabu zilizokosewa hazikulipwa.

Kutoka majini hadi angani

Mwaka 1913 Richardson alipewa kazi ya kusimamia kituo cha kupimia hali ya hewa cha Eskdalemuir, huko Uskoti. Siku hizo watabiri walichora ramani za hali ya hewa, kisha wakatafuta siku ya zamani iliyofanana na ya leo. Walidhani kwamba yaliyofuata siku ile yatafuata tena. Richardson hakuridhika. Alijua kwamba hewa hufuata kanuni za fizikia. Hewa ikipata joto hupanda. Kanieneo ikizidi upande mmoja, hewa husukumwa kwenda upande wa pili. Basi aliona kwamba hewa nayo inaweza kuigwa kwa namba.

Aliigawa ramani ya Ulaya katika miraba kama ubao wa drafti. Upana wa kila mraba ulikuwa kiasi cha kilometa 200. Hewa iliyo juu ya kila mraba aliigawa tena katika tabaka tano, kutoka chini kwenda juu. Kwa kila kipande alihitaji kujua kanieneo, upepo, joto na unyevu. Kisha angekokotoa jinsi kila kipande kitakavyobadilika baada ya saa chache kwa sababu ya majirani zake, kama tulivyofanya katika fimbo ya chuma.

Hesabu katikati ya vita

Wakati huo Vita Kuu ya Kwanza vilikuwa vikiendelea. Richardson hakukubali kushika bunduki, lakini pia hakutaka kukaa salama wakati wenzake wanateseka. Mwaka 1916 aliacha kazi yake, akajiunga na kikosi cha Marafiki kilichoendesha magari ya wagonjwa. Alikwenda Ufaransa kuwabeba askari waliojeruhiwa.

Huko, nyakati za mapumziko, aliketi juu ya majani makavu katika chumba chenye baridi, akakokotoa hali ya hewa. Alichagua siku iliyokwisha pita, yaani tarehe 20 Mei 1910, kwa sababu vipimo vingi vya hewa ya juu vilichukuliwa Ulaya siku hiyo. Alianza na vipimo vya saa moja asubuhi, akataka kupata mabadiliko ya hali ya hewa katika muda wa saa sita katika sehemu za Ujerumani. Kwa kuwa hali ya kweli ya siku ile ilikwisha andikwa, ingekuwa rahisi kujua kama hesabu zake ni sahihi. Kazi hiyo ya kukokotoa saa sita tu ilimchukua karibu wiki sita.

Mwezi wa Aprili 1917 mapigano makali yalipoanza katika jimbo la Champagne, maandishi yake yalipelekwa nyuma ya mstari wa vita, yakapotea. Miezi kadhaa baadaye yalipatikana huko Ubelgiji, chini ya lundo la makaa ya mawe.

Jibu lililokosea

Jibu la Richardson lilisema kwamba kanieneo ya hewa iliongezeka kwa milibari 145 katika saa sita. Hilo lilikuwa kosa kubwa mno. Kanieneo ya kawaida katika usawa wa bahari ni kiasi cha milibari 1,013, nayo kwa kawaida hubadilika kwa milibari chache tu kwa siku. Siku ile ya mwaka 1910 karibu haikubadilika kabisa.

Mtu mwingine angeyachoma maandishi hayo. Richardson hakufanya hivyo. Mwaka 1922 alichapisha kitabu chenye hesabu zote, pamoja na jibu lile lililokosea, ili wengine waweze kuzichunguza. Alieleza kwamba kosa lilitokana na vipimo vya upepo vya mwanzo. Miaka mingi baadaye, mwishoni mwa karne ya 20, hesabu zile zilirudiwa kwa kompyuta. Ilionekana kwamba Richardson alisema kweli. Vipimo vya mwanzo vya upepo na vya kanieneo havikupatana vizuri. Viliposawazishwa, njia yake ilileta jibu la kuridhisha.

Katika kitabu hicho Richardson alieleza pia ndoto yake. Alifikiria ukumbi mkubwa wa mviringo, wenye ramani ya dunia nzima kutani. Ndani yake wakokotoaji 64,000 wangefanya hesabu kwa pamoja, kila mmoja akishughulikia sehemu yake ndogo ya dunia. Katikati angekuwapo msimamizi mwenye taa. Waliotangulia mno angewamulika kwa mwanga mwekundu, na waliochelewa kwa mwanga wa bluu.

Miaka ya mwisho

Baada ya vita Richardson alirudi katika kazi ya hali ya hewa. Lakini mwaka 1920 ofisi ya hali ya hewa iliwekwa chini ya wizara iliyosimamia pia ndege za vita. Kwa sababu ya imani yake, Richardson aliacha kazi hiyo aliyoipenda. Tangu hapo alifundisha katika vyuo, akatumia hisabati kuchunguza sababu za vita.

Mwaka 1950, wataalamu wa Marekani walitumia kompyuta ya ENIAC kukokotoa hali ya hewa ya siku moja. Kazi hiyo ilichukua karibu siku nzima, lakini safari hii majibu yalifanana vya kutosha na hali ya kweli. Richardson alipelekewa habari hizo, akafurahi. Alifariki huko Uskoti tarehe 30 Septemba 1953, akiwa na umri wa miaka 71.

Leo ofisi za hali ya hewa duniani, na za Afrika Mashariki pia, hutumia utabiri unaokokotolewa kwa kompyuta kwa kuigawa hewa katika vipande. Wahandisi nao huyapima madaraja, mabwawa na ndege kwa namba kabla ya kuvijenga. Kompyuta hukokotoa upesi mno, lakini haiwezi kuleta jibu jema kutoka katika vipimo vibaya. Kwa hiyo unaposoma baromita au kipimamvua cha shule yako, soma kwa uangalifu, na uandike namba uliyoiona, wala si ile uliyoitarajia.

Maswali

1. Kwa nini Richardson aliligawa tatizo kubwa katika vipande vidogo?
2. Endeleza jedwali la fimbo ya chuma kwa hatua nne zaidi. Tumia desimali panapohitajika.
3. Kwa nini mhandisi anahitaji kujua nguvu zilizomo ndani ya ukuta wa bwawa?
4. Richardson alichagua siku iliyokwisha pita kwa hesabu zake. Eleza faida ya kufanya hivyo.
5. Jibu la Richardson lilikosea kwa sababu gani? Je, alifanya vema kulichapisha? Toa sababu zako.
6. Kwa siku saba, pimeni kanieneo ya hewa kila asubuhi, mkaichorea grafu. Kila siku kadirieni kipimo cha kesho, kisha mlinganishe makadirio yenu na kipimo cha kweli.